Zuhura Kabla ya Siku ya Saba

Sabuni ya mwani haitoi harufu yake mpaka ilowe. Ikiwa kavu hunukia karafuu tu, kwa sababu mama huitia karafuu za kusaga ili wageni wa mahoteli ya Diani wasikunje pua. Ukiitia maji ya moto karafuu inapotea, na kinachobaki ni kijiji chetu cha Kibuyuni maji yakiwa yamekupwa: chumvi, kamba mbichi, na mwani uliotandazwa juu ya chanja ukikauka juani. Wiki iliyopita nilifungua kipande kimoja nikiwa na haraka ya kwenda kazini. Povu lilipoanza kutoka nikajikuta nimekaa kwenye sakafu ya bafu, maji yanamwagika bure, nami nalia kile kilio cha mtu mzima asiyetaka majirani wamsikie.

Naandika programu za kompyuta. Ndiyo kazi inayonilipia chumba changu hapa Ukunda, nyuma ya Kona ya Musa. Ofisini wenzangu wana utani mmoja juu yangu usiokwisha, eti siwezi kuacha jina tupu. Mtu anayeandika programu huanza kwa kutangaza majina, yaani anaiambia mashine kwamba kutakuwa na kitu kinachoitwa hivi, na cha kutia ndani yake anaweza kukileta baadaye. Wenzangu wote hufanya hivyo na hulala usingizi wao. Mimi nikitangaza jina, papo hapo nalitilia kitu, japo sufuri. Juzi mwenzangu mmoja wa Thika tunayekaa naye meza moja aliangalia kazi yangu akacheka.

"Aki wewe," akaniambia, "hiyo zero ni ya nini na bado hujui itakuwa ngapi? Unaogopa italia?"

Nikacheka naye. Sikumwambia kwamba ndiyo, naogopa.

Nilipokuwa mdogo, nyumbani kwetu tulikuwa mimi, kaka yangu Bakari, mama, na bibi mzaa baba. Baba alikuwa fundi wa ujenzi Ukunda, akija Alhamisi jioni na kuondoka Jumamosi asubuhi, kwa hiyo serikali ya nyumba ilikuwa bibi. Aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na kila nilipounguza wali alijishika kiuno akauliza, "Mke mwenzangu, kwa wali huu mume wetu atamwacha nani, mimi au wewe?" Babu alikuwa marehemu tangu kabla sijazaliwa, lakini bibi alimgawana nami bila ya uchoyo. Tulicheka sana mimi na yeye. Ila kulikuwa na mambo asiyoyafanyia mzaha, na kubwa kuliko yote lilikuwa mimba.

Mimba kwetu haikutajwa. Mama akiwa nayo tuliambiwa kwamba mama "hajisikii vizuri", na kila mtu alitakiwa alione tumbo bila ya kuliona. Nguo haikununuliwa. Jina halikutajwa, hata kwa utani. Na mtoto akishazaliwa, mpaka ifike siku ya saba anyolewe nywele na achinjiwe mbuzi wa akika, aliitwa mgeni tu. Mgeni kalala? Mgeni kanyonya? Wako wengi pwani hii wanaowapa watoto wao majina siku ile ile ya kuzaliwa, na hakuna ubaya wowote. Lakini bibi alikuwa amezika wachanga wake mwenyewe, na huo ndio ulinzi alioujua. "Usikate kanzu mwana hajazaliwa," alikuwa akisema. "Kitu kwanza, jina baadaye."

Baada yangu mimi mama alikuwa amepoteza mimba, zaidi ya moja. Sikuambiwa na mtu. Nilijua kama watoto wanavyojua: leso zilizoanikwa nyuma ya nyumba badala ya mbele, bibi kupika uji wa pilipili manga, ule wa mzazi, na mgeni mwenyewe haonekani, mama kulala ameelekea ukutani mchana kweupe. Nilipomuuliza bibi mbona mimi sina mdogo wangu kama wenzangu, alinivunjia kipande cha muwa nitafune ninyamaze.

Ndipo kompyuta zikaletwa shuleni. Nyinyi mliosoma zama zangu mnazikumbuka zile za kwanza, zenye mgongo uliotuna na sauti ya jokofu bovu. Zetu zilikuwa za sadaka, zimetoka kwa mtu tusiyemjua, na ziliwekwa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mahindi. Panya hawakukubali kabisa kwamba chumba kimebadilishwa kazi. Tulivua viatu mlangoni ili tusiingize mchanga, na mimi kwa muda mrefu niliamini kwamba tunavua kwa heshima, kama msikitini. Aliyetufundisha alikuwa Mwalimu Kyalo, mtu wa Ukambani, mpole, aliyeishi na sisi ufuoni na hakuwahi kutia hata kidole cha mguu baharini. Baada ya masomo ya mchana, wale tuliotaka tulibaki naye.

Siku ya kwanza hatukugusa kompyuta. Alikuja na mikebe mitupu ya maziwa ya unga akaipanga mezani.

"Sasa sikizeni nyinyi," akasema, akabandika kikaratasi kwenye mkebe mmoja. "Hapa nimeandika nini?"

"Sukari, mwalimu."

"Na ndani kuna nini?"

"Hakuna kitu, mwalimu."

"Hakuna kitu. Lakini nikimtuma mtu dukani alete sukari, akirudi atajua ataiweka wapi?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi huko ndiko kutangaza. Jina kwanza, kitu baadaye. Usipotangaza, kompyuta haimjui huyo mtu wako. Utamwita, nayo itakuambia hayuko."

Nilishtuka mpaka niliyekaa naye akanitazama. Yalikuwa maneno ya bibi yamepinduliwa miguu juu. Nilimtazama mwalimu nikingoja acheke, aseme nilikuwa nawatania, lakini yeye alikuwa ameshachukua mkebe wa pili. Akatia chumvi, akaimwaga, akatia majani ya chai, akatuonyesha kwamba jina linakaa pale pale na kilichomo ndicho kinachobadilika. Wenzangu walielewa wakafurahi. Mimi nilikuwa bado nimesimama kwenye mkebe wa kwanza.

Tulipoingia kwenye mashine zenyewe, zoezi letu lilikuwa kuandika watu wa nyumbani na umri wao. Kila jina lilitanguliwa na herufi tatu, var, na mwalimu alitueleza kwamba hizo ndizo za kuiambia kompyuta itege sikio, kuna jina linakuja. Nikamwandika mama. Nikamwandika Bakari. Bibi hakujua umri wake, alisema tu ameuzidi mnazi wa jirani, basi nikampa mia moja ili asipunjike. Kisha nikakaa nimeushika ubao wa herufi, kwa sababu wakati huo mama alikuwa hajisikii vizuri tena.

Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo kwa siku nyingi na nilikuwa nimelimaliza. Kama kitu kisichotangazwa hakijulikani, basi kosa letu lilikuwa wazi. Wadogo zangu walikuwa wamekuja, wakakuta nyumba nzima imenyamaza, hakuna mkebe ulioandikwa jina lao, wakarudi walikotoka kama sukari iliyokosa pa kuwekwa. Bibi alikuwa mwema lakini hakuwa amesoma. Mtu wa kulitengeneza jambo hili nilikuwa mimi.

Nikaandika: mtoto wa mama. Kompyuta ikakataa. Mwalimu Kyalo akainama akaniambia jina halina nafasi katikati, tafuta neno moja. Hapo ndipo ikanibidi nimchagulie jina hasa. Nikamwita Zuhura, kwa sababu ndiyo nyota aliyonionyesha mama alfajiri tulipokuwa tukiteremka ufuoni siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, kwenda kufunga mwani kabla maji hayajarudi. Nilipoendesha programu, watu wote wa kwetu walijitokeza kwenye kioo na umri wao, na mbele ya jina la Zuhura likaja neno refu la Kizungu: undefined.

"Huyu ni nani?" mwalimu akaniuliza. "Mbona hukumwandikia umri?"

"Bado hajazaliwa, mwalimu."

Akacheka, si kwa ubaya. "Basi mwache hivyo hivyo. Hilo neno maana yake jina liko, mwenyewe hajafika. Akizaliwa utakuja umtilie sufuri."

"Sufuri si ndiyo hakuna kitu, mwalimu?"

"Aa, hapana. Sufuri ni kitu. Sufuri ni mtoto aliyezaliwa leo. Hii uliyonayo ndiyo hakuna kitu."

Nilirudi nyumbani nikirukaruka. Jioni bibi alikuwa akikuna nazi, nami nilikaa mbele yake nikipeta mchele, nikicheka kila nilipomtazama mama akipita na tumbo lake ambalo hatukuwa tukiliona. Nilijiona nimeifanyia nyumba yetu jambo kubwa na hakuna anayejua.

"Mke mwenza akicheka peke yake," bibi akasema bila ya kuinua uso, "ana siri na mume wetu."

"Sina, bibi."

"Haya. Peta mchele."

Shule zikafungwa kwa likizo. Bamvua lilipofika mama aliteremka kufunga mwani pamoja na wanawake wenzake, na akabeba magunia mabichi kama wao, kwa sababu mwani ukishakua haumngojei mtu. Siku chache baadaye, asubuhi, uchungu ukamjia kabla ya wakati wake. Jirani mwenye gari akamkimbiza hospitali Msambweni pamoja na bibi. Waliporudi, bibi alishuka kwanza, akiwa amekumbatia leso iliyokunjwa ndogo kuliko mkate wa mofa wa kufungia safari.

"Mgeni kaja," akatuambia. Alikuwa akitabasamu, lakini alikuwa akitabasamu kwa mdomo tu. "Mgeni wa kike. Naweni mikono msije mkamgusa na vumbi."

Baba alikuja siku ile ile, ingawa haikuwa Alhamisi, akamwadhinia sikioni, na akaja na mbuzi wa akika akamfunga kwenye mpapai nyuma ya jiko. Nilimwona mgeni kwa haraka tu, na nilichokikumbuka mara moja kilikuwa sufuri. Ameshafika. Yuko pale, anapumua, na ndani ya kompyuta bado imeandikwa kwamba hayuko.

Nilikimbia mpaka shuleni. Mlango wa stoo ulikuwa na kufuli, na mwalimu alikuwa amekwenda kwao Ukambani mpaka shule zifunguliwe. Nikapanda juu ya tofali nikachungulia dirishani. Kompyuta zilikuwa zimefunikwa leso kuukuu, zimepangwa safu, na sikuweza hata kujua ipi ni yangu. Nikaligonga dirisha, sijui nilidhani nani atafungua. Nilirudi polepole nikiwaza nifanye nini cha kumshikilia mtoto mpaka likizo iishe.

Nilipofika, mama alikuwa amelala na bibi yuko jikoni na uji wake wa pilipili manga. Nikaingia chumbani kwa vidole vya miguu. Nikaweka mdomo kwenye sikio la mgeni, sikio lililokuwa laini kama jani la mchicha, nikamwambia, "Unaitwa Zuhura. Nitakuja kukutilia sufuri shule zikifunguliwa. Ningojee." Kidole changu kilikuwa karibu na mkono wake, akakishika. Mikono ya wachanga hushika chochote, najua. Wakati ule niliona ni jibu.

Hakuningojea. Siku ya saba haikufika. Nilizinduka asubuhi nikasikia wanawake barazani wakisema kwa sauti ya chini, na nikajua kabla sijaulizia. Sanda yake baba aliibeba peke yake, mikononi, akatangulia na wanaume wakamfuata. Sisi tulibaki. Wanawake walimwambia mama kwamba mtoto amekwenda kumwekea pahala peponi, kwamba ilikuwa amana na mwenyewe amekuja kuichukua, na mama akaitikia kila mmoja, "Alhamdulillahi, alhamdulillahi." Mbuzi aliendelea kulia kwenye mpapai mchana kutwa, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumpa majani.

Sikulia. Nilikuwa nimeshikwa na woga mkubwa mno hata kulia hakukuwa na nafasi. Ikiwa bibi ndiye mwenye kweli, basi nilimuua mdogo wangu kwa kumtaja kabla ya wakati. Ikiwa mwalimu ndiye mwenye kweli, basi nilimuua kwa kumtangaza nikamwacha mtupu. Nililigeuza jambo hilo huku na huku, nikiwa kisimani, nikiwa madrasa, nikiwa nimelala na Bakari anakoroma upande wa pili wa pazia, na kila nilikoanzia niliishia kwangu mimi.

Kisha nikasikia jambo lililonizidi. Nilikuwa jikoni nikichambua kisamvu, na wanawake wawili waliokuja kumtazama mama walikuwa wakisema nje ya dirisha. "Na tumbo lile, naye anabeba mwani mbichi! Mzigo wa maji, ule." Mwenziwe akasema, "Ndiyo, lakini usimwambie, maskini." Hawakuwa na haja ya kumwambia. Niligeuka nikamwona mama amesimama mlangoni mwa jiko na kikombe mkononi. Alikuwa amesikia. Aliweka kikombe chini taratibu akarudi chumbani. Ningeweza kumfuata. Ningeweza kumwambia, si wewe mama, ni mimi. Nilichambua kisamvu mpaka mabua.

Mama hakuteremka ufuoni msimu ule wote. Vigingi vyake vya mwani vilisimama majini bila ya kamba, na wanawake walipopita asubuhi na magunia yao aliingia ndani. Mimi nilimwona akijihukumu kwa kosa nililojua ni langu, nami nikamwacha. Nikiyakumbuka haya leo, hapo ndipo panaponichoma kuliko pengine pote.

Shule zilipofunguliwa nilikuwa wa kwanza kuvua viatu. Nikaifungua kazi yangu. Zuhura alikuwa pale pale, chini ya bibi, na mbele yake neno lile lile. Nikaweka kidole juu ya sufuri. Nikafikiri, sufuri ni mtoto aliyezaliwa leo, na leo huyu si mtoto tena. Na sikujua mtu kama huyo huandikwa nini. Mwalimu Kyalo alikuwa akija upande wetu, naye angeniuliza kwa furaha, je, amefika? Nikaufuta mstari mzima. Nikaendesha programu nikitumaini italalamika, iseme kuna mtu amekosekana. Haikusema chochote. Mama, Bakari, bibi na mia yake, wote wakajitokeza sawasawa.

Nimesoma mengi tangu siku hizo. Nimejua kwamba jina kwenye kompyuta haliwezi kumfanya mtu kitu, na kwamba mtoto aliyekuja mapema namna ile alikuwa na safari ngumu hata angezaliwa wapi. Watu husema elimu huondoa woga. Yangu iliniondolea woga ikaniachia hatia peke yake, haina tena sababu, na kitu kisicho na sababu hujui pa kukishika ukitoe. Kwa hiyo nikawa mtu wa kutia sufuri.

Mwezi uliopita Bakari alipata mtoto wake wa kwanza. Bibi hayuko tena, Mungu amrehemu, lakini sheria yake ipo, na wiki nzima tuliulizana kwa simu mgeni kaamkaje. Siku ya saba nikaenda Kibuyuni. Mtoto alinyolewa, akapewa jina, akaombewa dua kwa jina lake, na sisi tukala pilau mpaka tukashindwa kukaa sawa. Mchana watu walipoondoka nilibaki na mama chumbani mwake. Yeye alikuwa ameketi mkekani akivifunga vipande vya sabuni nije navyo Ukunda, nami nilikuwa nikikunja leso za wageni.

"Imefana," akasema. "Umesikia sheikh alivyomwombea? Jina, baba, babu. Vizuri." Akafunga kipande kimoja, akakiweka. "Mimi yule wangu sikupata la kumwita. Kila nikimaliza kusali humwombea, nasema, Mola wangu, yule mgeni wangu. Miaka yote ni mgeni. Mwenyezi Mungu anamjua, sina shaka. Lakini mimi mamake naona haya kama nimesahau jina la mtu."

Mikono yangu ilisimama kwenye leso.

"Mama," nikasema. "Aliitwa Zuhura."

"Nani aliitwa Zuhura?"

Nikamweleza. Nilieleza ovyo, nikianzia katikati, na ilibidi nirudi kwenye mikebe ya Mwalimu Kyalo ili aelewe kutangaza ni nini. Nikamwambia kwa nini nilimwandika, na kufuli la stoo, na mstari nilioufuta. Nikamwambia nilivyowasikia wale wanawake dirishani. Mama alinisikiliza mpaka mwisho na sabuni moja haijafungwa mikononi mwake. Nilingoja akasirike. Kwa kweli nilitaka akasirike.

"Uliandika tu," akauliza, "au ulimwambia na yeye?"

"Nilimwambia. Sikioni. Wewe ulikuwa umelala."

"Alisikia?"

"Alinishika kidole."

Nje Bakari alikuwa akisugua sufuria kwa mchanga na mkewe akimcheka. "Basi aliondoka anajua anaitwa nani," mama akasema.

Hapo nikalia. Nikamwambia anisamehe, kwamba miaka yote nilidhani ni mimi niliyemuua na nikamwacha yeye adhani ni mwani. Aliniwekea mkono mdomoni, mkono wenye karafuu. "Jina haliui mtu, mwanangu. Wala mwani hauui. Nimekwisha kulia hayo, usinirudishe." Kisha akaanza kulisema, polepole, kama mtu anayepima kiatu. "Zuhura. Zuhura wangu. Zuhura." Akatabasamu, na nikadhani yamekwisha, nikadhani huu ndio msamaha wenyewe niliokuwa nikiuogopa bure.

Halafu akanigeukia. "Na ulikuwa nalo wewe," akasema. "Muda wote huu ulikuwa nalo."

Hakusema kwa kunilaumu. Alikuwa akistaajabu tu, kama anayeambiwa kwamba ufunguo alioutafuta ulikuwa kwa jirani. Alasiri ikaadhiniwa, akainuka akaenda kutawadha, akaniacha na leso na sabuni. Nilimsikia nyuma ya pazia akisali, kisha akianza dua zake, wazee wake, bibi, baba, Bakari, mimi. Akafika pale alipozoea kusema mgeni wangu, akasita kidogo, halafu akalitaja. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani, nikizifikiria dua zote za miaka ile zilizopita hapo bila ya jina, na jina nilikuwa nalo mimi mdomoni.